Wifi Yangu Hapasuliwi

Kazi yangu ni kusoma picha za ndani ya miili ya watu, na kwa kawaida watu hao siwajui. Hiyo ndiyo raha yake pekee. Asubuhi ile nilimsomea wifi yangu, mke wa kaka yangu, kwa sababu daktari mwenzangu alikuwa likizo na foleni haimsubiri mtu.

Saratani ya mlango wa kizazi ilikuwa imeshagundulika. Swali lilibaki moja: bado ni ndogo kiasi cha kukatwa ikaisha yote? Daktari wa upasuaji alikuwa amempangia Jumatatu, anangoja picha tu. Uvimbe ukizidi sentimita nne, au ukivuka nje ya mlango wenyewe, hampasui.

Wifi alitoka kwenye ile mashine ya makelele akisugua masikio. "Loo! Kama mafundi bati wamehamia kichwani mwangu. Haya wifi, leo umeniona mpaka utumbo. Ukinisengenya sasa, una ushahidi."

"Nenda kakae nje," nikamwambia. Nikiogopa huwa mkali, na nyumbani wote wanalijua hilo.

Nikapima. Nne nukta saba. Nikafuta, nikapima tena, safari hii nikizivuta alama za kipimo kwenye skrini ndani kidogo, kama muuza vitambaa mwizi. Tatu nukta tisa. Niliitamani namba ile, Mungu anisamehe. Lakini pembeni ugonjwa ulikuwa umeshavuka, unaelekea ukuta wa nyonga, na huko kisu hakiumalizi. Angepasuliwa bure, kisha mionzi ije juu ya kidonda. Nikarudisha alama mahali pake, nikaandika ukweli, nikalia kidogo kwa hasira.

Nje nilimkuta ameketi, mkoba mapajani. Taratibu ni kumwachia daktari wake amwambie, lakini alinikazia macho, nikashindwa kupita.

"Jumatatu ipo?"

"Haipo. Hutapasuliwa."

Akaruka. Mtu mzima na watoto wake watatu, akaruka na kupiga kigelegele mpaka mlinzi akachungulia. "Nilijua! Nilimwambia kaka yako, hiki ni kitu kidogo, hawa madaktari wanapenda visu tu!" Kabla sijafumbua mdomo, simu ilikuwa sikioni. "Baba watoto! Wifi ameona picha. Sipasuliwi!"

"Wifi, kata simu."

"Ngoja, anataka kukushukuru!"

"Wanaopasuliwa ni wale ambao ugonjwa wao bado mdogo," nikasema. "Wako umeshatoka nje. Utapigwa mionzi na kuwekewa dawa, wiki nyingi. Wapo wanaopona. Lakini si kitu kidogo, wifi yangu."

Mkono wake wenye simu ukashuka polepole mpaka ubavuni, na humo ndani kaka yangu alikuwa bado anacheka.