Mashine Iliyojibu

Akwero alikuwa ameshazoea kushindwa. Katika maabara yao ndogo jijini Kampala, yeye na mwenzake Ogutu, Mjaluo wa Kisumu, walitafuta njia bora ya kutambua ni protini zipi za bakteria zinazoshikana na RNA, ule uzi mwembamba unaobeba maagizo ndani ya chembe hai. Waliitia RNA alama ya mnururisho, ile mionzi isiyoonekana, wakaichanganya na protini, wakamimina juu ya karatasi ya kuchujia. Protini ilinasa. RNA iliyoshikwa nayo ilipaswa kubaki pale pia, lakini kila walipoisuuza karatasi viwili hivyo viliachana, na mashine ya kupima mnururisho ikakaa kimya.

Mwaka huo, sabini na sita, Wakenya wengi walikuwa wameshaikimbia nchi kwa kuwahofia wanajeshi. Ogutu alibaki.

"Tuumulike mchanganyiko kwanza kwa ile taa ya kuulia vijidudu," alisema asubuhi moja. "Huenda miale yake ikavigandisha pamoja kabla hatujasuuza."

Mchana Akwero alisuuza karatasi, akaisogeza chini ya mashine. Ikalia ta-ta-ta-ta, mfululizo, kwa nguvu. Ogutu alicheka hadi akashika tumbo.

Dirisha lilikuwa wazi. Wanajeshi wawili waliokuwa wakipita uani wakaingia bila hodi.

"Hii redio ya nani?" akauliza mkubwa wao kwa Kiswahili cha kambini. "Nani naongea na Nairobi?"

"Si redio, afande," Akwero akasema. "Inapima tu. Ngoja nikuonyeshe."

Akaweka karatasi safi. Mashine ikanyamaza, ikidonoa mara moja moja. Akaweka ile yao. Ikalia upya kwa fujo.

"Umeona? Najibu!" mwanajeshi akamwambia mwenzake. "Nani naendesha?"

Akwero alifungua mdomo.

"Ni mimi," Ogutu akamuwahi.

Lafudhi yake ya Kikenya ilitosha. Walimburuta hadi kwenye gari, wakamtia ndani ya buti, na mashine wakaipakia kiti cha nyuma.

Akwero alizunguka kila kituo cha polisi alichothubutu kukifikia. Kote aliambiwa hakuna mtu wa jina hilo. Umeme nao ukakatika, protini walizozisafisha kwa miezi zikaoza kwenye friji, naye akazimwaga. Jaribio lilikuwa limefaulu, lakini hakuwa na kitu cha kulirudia, wala mtu wa kumsimulia.

Mwishowe alikwenda mtaa wa Bukoto kwa Phelister, mke wa Ogutu. Alimkuta akifunga mizigo ya kurudi Kisumu na watoto. Akamweleza yote, hadi alivyoirudisha karatasi yao chini ya mashine.

Phelister aliacha kamba aliyokuwa akiikaza.

"Dada, ilikuwa imeshanyamaza," alisema taratibu. "Kwa nini uliiliza tena?"

Akwero aliinama, akaishika ncha ya pili ya kamba. Phelister akaendelea kufunga.