Ungo wa Omena Kendu Bay

Mpwa wangu Scovia ana digrii ya saikolojia, na kila hospitali alikobisha hodi, kutoka Migori hadi Homa Bay, ilimwambia alete uzoefu kwanza. Autoe wapi, na wenye milango wameifunga? Mimi sisahau. Mwaka wa tisini na saba mamake, dada yangu, aliambiwa hayohayo alipotaka unesi, akaishia kuuza nyanya soko la Rodi Kopany.

Scovia hakungoja. Kila Jumanne alikwenda kwenye banda la akina mama wanaochambua omena, wale dagaa wa ziwani, Kendu Bay. Mwanzoni alikosea: alikaa kwenye kiti, mikono mitupu, akiwauliza mmoja mmoja wanajisikiaje. Wote walijibu kwamba wako vizuri. Huku mgeni akikuuliza hali unamwambia njema, hata kama nyumba iliungua jana. Siku aliyoshuka mkekani, akashika ungo na kuchambua nao, midomo ikafunguka. Ni rahisi kusema ukiwa unaangalia samaki.

Hatimaye Daktari Nyasuguta, mwanasaikolojia wa hospitali ya Homa Bay, akakubali kuja kumtazama. Akiridhika, atamchukua afanye kazi chini yake, na chuo kitamfungulia masomo ya juu. Nami nikaenda, kulinda haki.

"Nera, leo unyamaze," Scovia akaniambia. Ndivyo anavyoniita, mimi kaka ya mamake.

"Nitanyamaza wakitenda haki."

Dolphine, mama aliyekubali kuzungumza daktari akiwepo, alichelewa. Daktari akatazama saa. Hapo nikashindwa. Nikasimama, nikamwanzia na malalamiko ya tisini na saba, nikaingia habari ya zahanati iliyofunguliwa kwa hotuba bila hata panadol, nikawa naelekea ile ya barabara mbovu.

Scovia hakunikatiza. Alinivutia mkeka, akaniwekea ungo magotini.

"Kaa, nera. Hiyo ya mama, rudi hapo. Alipotoka ofisini alifanyaje?"

Nikakaa. Nikatoa kokoto, nikatoa kipande cha konokono.

"Alikuwa ameazima gauni jeupe. Akalivua nyuma ya ua, akalikunja polepole."

"Na wewe?"

"Nilikuwa getini. Nilikuwa nimemnunulia soda."

Sikuwahi kumwambia mtu habari ya ile soda. Scovia aliendelea kuchambua. Ungo ulipoisha akaniongezea omena.

Nilipoinua macho, Dolphine alikuwa ameketi mlangoni.

"Kumbe huyu mzee ana sauti ya chini pia," akasema.

Daktari akakohoa. "Scovia, jamaa yako si mteja wako."

"Najua, daktari. Nilikuwa namtuliza tu."

"Ulikuwa unamsikiliza. Haya, tuendelee na mama."

"Nera, nje," Scovia akasema. "Ya Dolphine hayakuhusu."

Nikatoka na ungo wangu. Ndani nilisikia omena wakichekechwa, kisha kilio kidogo, kisha, baada ya muda mrefu, Dolphine akicheka.

Daktari alitoka wa kwanza, magamba ya samaki yamemng'ang'ania kwenye sketi. Alikuwa amechambua pia.

"Aje Homa Bay Jumatatu," akaniambia.

"Kwa nini si kesho?"

Alitazama ungo wangu, akaketi kando yangu. "Hebu niambie ile ya barabara," akasema.