Sili Wenye Kiu

Jumamosi asubuhi Nutarak alikunjua boksi la zamani la televisheni, akalitandika sakafuni jikoni, akamlaza juu yake sili, mnyama wa baharini aliyetoka kumuua barafuni. Mkewe Leetia alikuwa kwenye kiti karibu na jiko, blanketi mapajani na kisu chake cha nusu mwezi mkononi, maana hata alipokuwa mgonjwa hakukubali mtu mwingine apasue nyama ndani ya nyumba yake. Kisu kilisubiri. Nutarak alitia theluji mdomoni, akaiacha iyeyuke, akainama na kuidondosha kinywani mwa sili, tone kwa tone, kama alivyofanya baba yake. Sili huishi ndani ya chumvi maisha yake yote. Kiu ndiyo inayomleta kwa mwindaji, na mwindaji asiyempa maji baridi asitegemee kumwona tena, yeye wala ukoo wake.

Alikuwa bado ameinama mlango ulipofunguliwa, akaingia Qillaq na begi lake, kutoka uwanja wa ndege.

Qillaq alikuwa mjukuu wao, aliyekwenda kusoma chuo huko kusini. Alizaliwa wiki ileile mama yake Nutarak alipozikwa, akapewa jina la marehemu, na kwa hiyo, kwa desturi yao, alikuwa mama yake Nutarak. Hilo halikuwa utani wala mchezo wa watoto. Alipokuwa na miaka mitano alimwambia Nutarak aache sigara, na Nutarak akaacha siku hiyohiyo, kwa sababu mtu hambishii mama yake.

Qillaq alilitazama boksi na kilichokuwa juu yake.

"Mwanangu," alisema.

"Naam, mama."

"Huyu awe wa mwisho. Usiue tena."

Leetia alicheka mpaka akakohoa. "Mkwe wangu katuletea amri za kusini! Utakula nini, barafu?"

"Nimekuja na dengu."

"Dengu. Afadhali. Huo upepo wake utatupasha joto nyumba nzima."

Qillaq alicheka pia, akainama kumbusu, lakini hakuifuta kauli yake. Nutarak alikifuta chusa chake kwa kitambaa, akakitundika ukutani.

Aliogopa, lakini si kwa ajili ya njaa yake mwenyewe. Tangu Leetia augue, tumbo lake lilipokea mchuzi wa sili tu. Mkate ulirudi. Tambi zilirudi. Kuku wa dukani, aliyeganda kama jiwe na kusafiri kwa ndege mbili, alirudi haraka kuliko vyote. Muuguzi wa zahanati alisema ni jambo la kawaida, wampe anachokiweza. Hata hivyo Nutarak alijituliza. Katika kijiji kile nyama haiombwi, inagawanywa, na shemeji yake Jaipiti, mdogo wake Leetia, alikuwa mwindaji hodari. Jaipiti angeleta.

Sili wa kwanza alikuja Jumanne, wakati wa chakula cha mchana. Alipanda ngazi, akaingia katika kibaraza cha ndani ambako watu huvua viatu, akajikung'uta, akaomba maji.

"Funga mlango," alisema Leetia, "baridi inaingia."

Qillaq aliufunga, akamletea bakuli la maji kutoka bombani. Sili aliyanywa yote, akaomba tena. Walipomaliza kula alikuwa amefika wa pili, na kabla ya Ijumaa kibaraza kilikuwa kimejaa, na foleni imeshuka ngazi na kulizunguka tangi la mafuta. Walisimama kwa utaratibu. Wakubwa hawakuwasukuma wadogo.

Mwanzoni Qillaq alifurahi sana. Alipita na ndoo na kikombe, mikono ya sweta ameikunja, akawahudumia mmojammoja.

"Unaona, mwanangu? Walikuwa na kiu tu. Kumbe maji wanaweza kupewa bila damu."

"Naona, mama," alisema Nutarak.

Lakini aliona na jambo jingine. Hakuna aliyeondoka. Sili alimaliza ndoo, akajilamba midomo mikavu, akarudi mwisho wa foleni. Taa nyekundu ya tangi la maji iliwaka nje ya nyumba, ishara kwamba tangi limekauka. Dereva wa lori la maji alijaza, taa ikawaka tena siku ileile, na dereva akasema nyumba hiyo imekwisha kunywa zamu yake na zamu za majirani, wasubiri. Alipokuwa akirudi kwenye lori aliwaomba sili wasogee kidogo, wakasogea.

Huko barafuni wawindaji walikaa kwenye matundu ambamo sili hutoka kupumua, kuanzia mwanga unapotoka hadi unapozama, na hakuna pua iliyotokeza. Ndege ilikuwa haijatua kwa sababu ya upepo. Dukani zilibaki chupa za sosi ya nyanya, biskuti za mbwa, na kabichi moja nyeusi ukingoni ambayo watu waliishika, wakaigeuza, wakairudisha. Jaipiti alikuja mikono mitupu. Ilimbidi awaruke sili wanane ili afike jikoni.

"Shemeji, sili wote wa ghuba wako kwako."

"Wamekuja kunywa."

"Nimewaona. Nipe mmoja. Yule mnene pale mlangoni, hata hatajali."

"Yule ni mgeni."

"Mgeni gani hana hata viatu vya kuvua?"

"Kaingia mlangoni mwangu, kapewa maji. Hauawi."

Jaipiti alijua kwamba hauawi. Alivua kofia, akajikuna kichwa, akapunguza sauti. "Basi mwambie mama yako akufungulie. Watoto wangu wanakula biskuti za mbwa, na mbwa wananitazama mimi."

"Mwambie wewe."

"Mama ni wako, bwana. Mimi kwangu ni binti tu, na binti hanisikii."

Kutoka chumbani Leetia aliita, "Jaipiti! Umeniletea nini?"

"Maneno, dada."

"Hayo yamejaa humu. Yarudishe."

Sauti yake ilikuwa nyembamba. Nutarak aliisikia hivyo, akamwona Jaipiti naye ameisikia.

Nyama ya yule sili wa Jumamosi iliisha. Qillaq alichemsha dengu, akazisaga mpaka zikawa laini kama uji, akakaa kitandani na kumlisha bibi yake kwa kijiko kidogo. Leetia alimeza kwa sababu alimpenda. Alimtazama usoni, akameza, akatabasamu, na muda si mrefu akaomba beseni. Qillaq alimshika paji la uso. Kisha alilisafisha beseni, akajaribu tena na chumvi kidogo, kisha bila chumvi, kisha maji ya dengu peke yake. Pete ya ndoa ya Leetia ilianza kuteleza, akaifunga kidoleni kwa uzi mwekundu. Nutarak alikuwa akikaa mlangoni mwa chumba, akisikiliza pumzi yake, na pumzi ya pale kitandani ilipochelewa, yake pia ilisimama.

Hakuweza kumwomba mama yake. Alijaribu mara nyingi. Kila alipofungua mdomo alikuwa mtoto mwenye pua inayochuruzika. Mwishowe, wakiwa wawili jikoni wakiyeyusha theluji kwenye masufuria kwa ajili ya sili, aliuliza swali la pembeni.

"Mama, ni huko chuoni walikokufundisha hayo ya kutoua?"

Qillaq alikoroga theluji. "Chuoni walituonyesha picha. Barafu nyekundu, na mtu ana chusa, uso umefunikwa. Ukumbi mzima ulilia. Nami nililia, nikidhani ni wewe."

"Nilikuwa mimi?"

"Sijui. Uso umefunikwa." Aliongeza theluji. "Lakini si picha iliyonifanya niseme. Siku niliyorudi, gari lilipita jalalani. Niliziona ngozi. Zimerundikwa, zimeganda, kunguru wamekaa juu. Mwanangu, mngekula chote mkavaa chote, ningenyamaza. Mnamwita mtu kwa heshima, mnampa maji, halafu nusu yake mnaitupa kama nepi."

Nutarak aliona aibu, kwa sababu ilikuwa kweli. "Hakuna anayenunua, mama. Zamani bibi yako alikuwa akizikwangua, zinapanda ndege, tunapata petroli na risasi, na viatu vya baba yako vya shule. Kisha watu wa kusini walionyeshwa picha, wakalia, wakaacha kununua. Tunavaa tunachoweza. Hatuwezi kuvaa ghuba nzima."

Theluji ilikuwa imekwisha kuyeyuka na Qillaq akaendelea kukoroga.

"Na hao waliolia," aliuliza Nutarak, "wanakula nini?"

"Wengine dengu. Wengi kuku."

Sili jike mzee, mwenye masharubu meupe, alikuwa mbele ya foleni na alikuwa ameyasikia yote, maana mlango wa kibaraza haukuweza kufungwa tena. Alinywa sufuria aliyowekewa, akapumzika.

"Maji yako ni mazuri," alimwambia Qillaq, "lakini hayashuki. Yanaishia kooni. Hatukuzoea kupewa bure."

"Kwa hiyo mnataka kufa?"

"Hakuna anayetaka kufa, binti. Tunataka kunywa."

Siku iliyofuata Leetia hakumtania mtu. Aliamka, akatazama dari, akalala tena huku mwanga ukiwa bado dirishani. Qillaq alikaa naye, akaushika ule mkono wenye uzi mwekundu, akaugeuza, akautazama kama kitu ambacho hakukitambua. Kisha alitoka, akaenda jikoni. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na moja, lakini alisimama kama mama yake Nutarak alivyokuwa akisimama, uzito wote kwenye mguu mmoja.

"Mwanangu, nenda. Nami nakuja."

"Ndiyo, mama."

"Ila ngozi isitupwe. Niahidi."

Nutarak aliahidi. Alikuwa hajawahi kumdanganya mama yake, na alipokuwa akivaa koti alijiambia kwamba huo haukuwa uongo bado.

Sili walikuwa wamekwisha kuanza kushuka ngazi. Walipita katikati ya nyumba, wakavuka ufuko, wakaingia majini mmojammoja kwenye ufa wa barafu. Jike mzee alikwenda wa mwisho, polepole. Watu waliokuwa njiani walisimamisha pikipiki zao za theluji, wakampisha.

Kwenye tundu la kwanza walilolifikia, alitokeza yule jike mzee. Nutarak alirusha chusa, akavuta kamba, akamtoa juu ya barafu. Qillaq hakufumba macho. Alipiga magoti, akatia theluji mdomoni, akangoja, mashavu yamemvimba na machozi yanamtoka kwa baridi au kwa kingine. Aliinama, akampa. Safari hii maji yalishuka. Waliyasikia wote wawili yakienda chini kwa muda mrefu, kama maji katika bomba la nyumba iliyokaa bila maji.

Leetia alikunywa mchuzi nusu kikombe, ukakaa. Akanywa nusu nyingine.

"Hauna ladha," alisema. "Mkwe wangu hajui kupika." Nutarak alitoka nje, akasimama nyuma ya tangi la mafuta mpaka alipoweza kurudi ndani na uso wa kawaida.

Jaipiti alipelekewa fungu lake, na majirani mafungu yao. Familia ilikaa sakafuni kuzunguka boksi, wakala, na Qillaq alikaa nao akala dengu zake. Hakuna aliyemwambia ale nyama, naye hakumwambia mtu aache. Nutarak aliendelea kuwinda.

Ngozi zikabaki. Leetia alipopata nguvu alizikwangua, Qillaq akazitandaza kwenye fremu za mbao. Waliweka nyingine kibarazani, nyingine nyuma ya kochi, nyingine chini ya vitanda, mpaka vitanda vikainuka. Nutarak alimpigia simu mnunuzi wa zamani huko kusini. Mnunuzi alimsalimu vizuri, akauliza habari za Leetia, akasema yeye binafsi hana tatizo, tatizo ni wateja. Mnunuzi wa pili alisema hivyohivyo, kwa adabu ileile. Qillaq aliwapigia aliosoma nao. Walimwonea huruma, wakamuuliza kama huko aliko anapata mboga.

Majira ya joto yalipofika na jua likakaa bila kuzama, ngozi zilianza kunuka, na wafanyakazi wa kijiji walikuja na lori la taka. Walikuwa wapole. Walisema ni agizo la afya. Nutarak alimtazama mama yake, na mama yake hakumtazama. Qillaq alipanda nyuma ya lori, na kule jalalani alizilaza moja baada ya nyingine, manyoya juu, mpaka dereva akapiga honi kumwambia muda wa kazi umekwisha.

Sili wa kwanza wa msimu uliofuata alitokeza tunduni bila ngozi. Alikuwa mwekundu na mweupe wa mafuta, anafuka mvuke, na mwenye macho yaleyale makubwa. Wa pili alikuja hivyohivyo, na wa Jaipiti vilevile. Wawindaji walielewa kwamba sili wameziacha huko wanakotoka, kwa kuwa walijua zinakoishia. Nyama haikubadilika ladha, na tumbo la Leetia liliipokea. Jaipiti alisema afadhali, kazi ya kuchuna imepungua. Huko kusini picha iliendelea kuonyeshwa ukumbini, wanafunzi wapya wakalia, na ndege ilipotua ilileta kuku.

Qillaq aliendelea kwenda barafuni na Nutarak, kwa sababu ya maji. Alipiga magoti kando ya sili, theluji imekwisha kuyeyuka mdomoni, akainama, na hapo akagundua kwamba ni vigumu kumnywesha, kwa kuwa meno ya sili yalikuwa yakigongana kwa baridi. Akamshika kichwa kwa mikono miwili ili maji yasimwagike.