Mhariri Asiyekuwepo

Kipkemboi ni mtu wa kukuudhi hata kabla hajafungua mdomo. Nilimkuta ofisini Lodwar Ijumaa asubuhi, feni inampepea yeye peke yake, akanitazama kuanzia viatu kwenda juu. Sikumsalimu. Nilikuwa nimetoka Kakuma gizani kwa sababu hashiki simu. Salamu yake ya ejok ataipata kwingine.

"Madam Namuria," akasema, "hiyo tangazo ilitoka Jumatatu. Mimi sioni shida."

"Ilitoka, ndiyo. Watu wajibu wapi? Kwa ukuta?"

Mradi wetu hutoa matangazo kwenye blogu, na kila tangazo likitoka, mtambo unatakiwa kulifungulia mada kwenye jukwaa, watu waingie wabishane. Jukwaa nalisimamia mimi, lakini mada ya tangazo hufunguliwa na mtambo tu. La Jumatatu lilisema soko la kando ya barabara pale Kakuma litahamishiwa ng'ambo ya laga, lile korongo la mchanga, na mwenye pingamizi aandike kwenye mada hiyo kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Lilipangiwa saa, likatoka kwa saa yake. Mada haikufunguka. Wiki nzima hakuna aliyeweza kuandika hata neno, na ofisi ingesema wananchi wamekubali. Mama yangu, Amuria, anauza samaki wakavu kwenye soko hilo tangu sijazaliwa. Ng'ambo ya laga nani atamfuata? Mbuzi?

"Labda ni netiwaki ya huko kwenu," akasema.

"Usiniletee mambo ya netiwaki! Jaribu hapa hapa, nikiona."

Akaandika tangazo la majaribio, akalitoa papo hapo kwa mkono wake. Mada ikafunguka. Akaandika jingine, akalipangia litoke baada ya dakika chache. Tukangoja tukichukiana. Likatoka. Mada, wapi!

Akaanza kuilaumu seva. Mimi nilikuwa natazama chini ya vichwa vya matangazo yale. La kwanza limeandikwa na Kipkemboi. La pili limeandikwa na Mhariri.

"Mhariri ni nani?"

Akaigeuza feni.

"Nakuuliza, Kipkemboi! Maana jukwaa langu halimjui. Halisajili mtu bila jina lake kamili na namba ya simu. Ukililetea mada ya mtu asiyekuwepo, linaikataa."

"Ni mimi," akasema. "Nikitoa kwa mkono inabeba jina yangu. Hizo za kupangia saa niliziwekea Mhariri. Mwaka jana watu wenu waliniandikia nirudi kwetu. Wakataja mpaka geti ya nyumba naishi. Jina yangu siweki tena."

"Kwa hiyo woga wako ndio umhamishe mama yangu?"

"Basi weka yako," akasema, akanisukumia kompyuta. "Tuone."

Nilitamani kumzaba kofi. Alijua vizuri anachosema. Lakini saa tano ilikuwa imeshapita. Nikafuta Mhariri, nikaweka Namuria, nikalitoa tangazo upya. Mada ikafunguka hapo hapo: soko la Kakuma kuhamishwa, mwandishi Namuria.

Wa kwanza kujibu alikuwa Athian, fundi viatu, jirani wa mama pale sokoni. "Hata wewe, mtoto wa Amuria? Napinga. Na ulaaniwe." Likaja jibu la pili, likaja la tatu. Msaliti. Amesahau titi alilonyonya. Amenunuliwa na watu wa Lodwar. Wote wanapinga, na wote wananitukana. Yaliniuma, sitadanganya, maana wengine hao wamenibeba mgongoni nikiwa mdogo.

Kipkemboi alikuwa anasoma nyuma yangu. "Unaweza kuzifuta," akasema polepole.

"Nikifuta tusi nimefuta na pingamizi. Hebu niondokee hapa!"

Simu ikalia. Alikuwa mama.

"Namuria, huku wanasema ni wewe unatuhamisha. Wanawake wamejaa hapa kwangu, wamekasirika. Nimewaambia ni uongo, mwanangu hawezi."

Ningemweleza nini, habari za Mhariri? Na kwa muda gani?

"Wana simu?" nikamuuliza.

"Wengi wanazo."

"Basi usinitetee, mama. Waambie ni kweli. Waambie waandike kwenye jukwaa sasa hivi, kabla ya saa sita."