Aliyesimama Nyuma ya Picha

Mvua ya mji wa Keelung haina adabu. Hunyesha hata siku ya kununua simu. Mei-chu aliingia dukani akikung'uta mwavuli, nyuma yake bintiye Yi-rou akimsukuma kama mbuzi anayepelekwa mnadani.

"Hii yangu bado inapiga," Mei-chu alinung'unika.

"Inapiga kelele tu, Mama. Kupiga simu ilishaacha."

Muuzaji, jamaa mcheshi aliyeitwa A-Hung, aliipokea ile simu yenye kioo kilichopasuka toka kona hadi kona. "Mama, hii ni simu au ni urithi wa ukoo?"

Yi-rou alicheka. Mei-chu hakucheka. Alikuwa muuza supu ya samaki, na kwa miaka mingi alizoea kuwatazama watu wake kupitia nyufa zile.

A-Hung alimpangia simu mezani. Hii nyepesi, ile inakunjwa, nyingine haiogopi maji. Kisha akainua moja nyeusi, pana, kwa mikono miwili. "Hii sasa ndiyo mwisho wa maneno. Ngoja niihamishie picha zako chache uone."

Picha ya kwanza ilikuwa ya mahafali ya Yi-rou. Kwenye kioo kile kikubwa rangi ziliwaka kama zimeoshwa.

"Tazama, huyu aliyesimama nyuma anawaharibia picha," A-Hung alisema. Akapitisha kidole. Mtu akatoweka, ukabaki ukuta mtupu.

"Loo!" Yi-rou alishangilia.

Picha ya pili ilikuwa ya sikukuu ya hekaluni. "Aa, yuko tena! Ni jirani yenu? Bwana huyu anapenda picha kuliko bibi harusi." Akapitisha kidole tena. Ya tatu ilikuwa ya siku Mei-chu alipofungua kibanda chake. Nyuma ya masufuria, mwanamume wa fulana nyeupe alisimama na taulo shingoni, suruali imekunjwa hadi magotini. A-Hung alinyoosha kidole.

Mei-chu akamdaka mkono. "Usimguse!"

Duka zima likageuka. Yi-rou akanong'ona, "Mama, vipi?"

Mei-chu aliujua uso ule. Ulikuwa juu ya kabati la mama yake, kwenye picha ya harusi. Chin-shui, baba yake, alishuka kwenye mgodi wa makaa milimani wakati Mei-chu anang'oka meno ya utoto. Mgodi ukaporomoka, na mwili wake haukupatikana. Na hapa, pasipo nyufa za kumficha, alikuwa bado kijana, hajafika hata arobaini, anamwangalia binti aliyekwisha kumzidi umri.

"Nataka simu isiyofuta watu," alisema hatimaye.

A-Hung alijikuna kichwa. "Siku hizi zote zinafuta, mama. Labda hii ya wazee. Herufi kama matofali, na mlio wake unaamsha mtaa."

"Nipe hiyo hiyo. Uniwekee picha zangu zote, kama zilivyo."

Yi-rou alifungua kinywa abishe, akauona uso wa mama yake, akachukua mwavuli.

Walikwenda moja kwa moja kwa Kuei-hua, mama yake Mei-chu. Bibi kizee aliisogeza simu puani. Alitazama picha moja, akatazama nyingine.

"Mbona hajazeeka?" aliuliza kwa sauti ndogo. Kisha, "Taulo lile nilimpa mimi asubuhi ile."

"Mama, anatafuta nini kwetu?" Mei-chu alimuuliza.

Kuei-hua aliilaza simu mapajani. "Shemeji zangu waliniambia tumwite roho yake, tumwekee kibao cha jina madhabahuni. Nikawafukuza. Nilisema kumwita ni kumuua. Nikawa namngoja kama mtu hai, mlango wazi. Kumbe aliyekufa hapiti mlangoni mpaka aitwe." Akafuta macho kwa kiganja. "Kazunguka mvuani muda wote huo, mwanangu. Anawaona mnakula."

Jumapili walipanda milimani na kuhani. Mdomo wa mgodi ulikuwa umezibwa kwa zege, magugu yameuparamia. Kuhani alitikisa kengele, akamwita Chin-shui kwa jina lake na jina la kijiji chake. Halafu akampa Kuei-hua vipande viwili vya mti, vyekundu, vilivyokatwa kama mwezi mchanga. Kimoja kikilala na kingine kikitazama juu, roho imekubali.

Kuei-hua alivirusha. Vyote vililala. Akarusha tena, vyote vikatazama juu.

"Bado hajaridhika," kuhani alisema. "Mwambie neno, bibi."

"Nimwambie nini?"

"Unalijua mwenyewe."

Kuei-hua alipiga magoti kwenye tope. Mei-chu alitaka kumwinua, lakini Yi-rou akamshika. Bibi kizee aliusogeza mdomo karibu na zege, kama anayesema na mtu aliye chumba cha pili.

"Chin-shui. Umekufa. Nimekubali. Haya, twende nyumbani."

Akarusha. Kimoja kililala, kingine kikatazama juu.

Mei-chu alilia kwa sauti, kilio cha mtoto, mbele ya bintiye, wala hakuona haya.

Kwenye teksi ya kurudi, Kuei-hua alipakata chungu cha udi uliokuwa ukifuka moshi. Alisogea dirishani, akaacha nafasi kati yake na Mei-chu. Dereva alitazama kwenye kioo, akaelewa, akapunguza mwendo bila kuambiwa.

"Mwongozeni kwa sauti," Kuei-hua alisema. "Hii barabara haijui, ilijengwa hayupo."

Daraja la kwanza likatokea. Aliyeanza ni Yi-rou, msichana aliyekuwa hajapata kumwita mtu babu.

"Babu, tunavuka daraja," alisema. "Kuna kona mbele. Jishike."