Hatua Kumi na Nne za Kalondu

Ukitaka kumjua Kalondu, nenda kwenye kibanda chake nyuma ya steji yetu ya bodaboda hapa Voi. Utamkuta ameinamia kabureta ya pikipiki, mgongo kwako. Usiseme kitu. Subiri mwenzetu Wesley aegeshe pikipiki. Kalondu atasema bila kugeuka, "Wesley, tapeti za injini zinagonga," na Wesley, ambaye hajafungua mdomo, ataanza kujitetea. Mimi aliniambia tangu Januari kwamba mnyororo wangu umelegea. Nikamjibu kuwa mnyororo wangu unapenda kupumzika kama mwenyewe.

Tulimwita Daktari kwa sababu ya bisibisi. Ncha anaiweka kwenye injini inayonguruma, mpini anaukandamiza kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, kisha anafumba macho. Akiyafumbua, ugonjwa umeshapata jina. Nimeona wanaume wenye vyeti wakifungua injini kutwa nzima kutafuta alichokipata yeye kwa dakika moja ya kusinzia.

Kila Ijumaa alipanda pikipiki yake hadi Mboghoni, karibu na Taveta, kilomita mia na ushee, kuhudumia pampu za maji za wakulima. Mteja wake mkubwa alikuwa Mzee Musyimi, na wakulima wote wa mfereji ule walimfuata Musyimi. Fundi wake ndiye fundi wao.

Ijumaa moja ya mwezi wa pili, Kalondu alishuka, akaweka bisibisi kwenye pampu ya mzee, akasikiliza, akasema, "Iko sawa." Jumatatu pampu ikakwama, nyanya zikiwa na kiu. Beringi ilikuwa imesagika mpaka ikabaki kama unga.

Mzee alipopiga simu nilikuwepo kibandani. Kalondu alikuwa ameiweka kwa spika, mikono yake ikiwa na grisi.

"Mwanangu, sikugombezi," mzee alisema. "Nimeshafungiwa beringi mpya. Njoo Ijumaa ya mwisho wa mwezi uisikilize. Ila ukikosea tena, usione vibaya nikitafuta sikio lingine. Na hawa wenzangu unawajua, watanifuata."

Simu ikakatika. Mimi na mdomo wangu nikasema, "Daktari, umezeeka."

Ana miaka thelathini na minane. Siku nyingine angenirushia kitambaa cha grisi usoni. Siku hiyo alikaa juu ya tairi.

"Danson, nikishuka Mboghoni masikio yanalia. Wiiii. Mpaka nilale ndiyo yanyamaze."

"Hiyo ni kawaida, bana. Yangu yanalia tangu nianze boda. Nayachukulia kama redio ya bure."

Hakucheka. Nikajua mambo yameharibika.

Asubuhi iliyofuata aliomba ufunguo wa ukumbi wa kanisa lao, ule mrefu ambao katikati ya wiki huwa mtupu. Akaweka saa ya mezani ya marehemu mama yake juu ya kiti, ile inayogonga tik, tik. Akarudi nyuma hatua moja moja, macho yamefumbwa, hadi sauti ikapotea. Hatua kumi na nne. Kisha akapanda pikipiki, akaenda Maktau, katikati ya njia ya Taveta, na kurudi bila kupumzika, akaingia ukumbini na vumbi lake. Mimi na Wesley tulikuwa mlangoni, tumeenda kumcheka. Alihesabu hatua tano.

"Rudia," Wesley akamwambia.

Akarudia. Tano.

Basi nikaona kitu ambacho sijamwona fundi mwingine akifanya. Aliacha kuchunguza injini, akaanza kuchunguza helmeti.

Helmeti zetu mnazijua. Kioo tunakitoa wiki ya kwanza, kwa sababu kinakwaruzika. Halafu tunachukua kisu tunachonga sponji ya shavuni ili simu ikae humo, karibu na sikio, tuongee na wateja tukiwa barabarani. Kalondu naye alikuwa amechonga yake, wakulima wampate njiani. Ukifika tambarare ya Maktau upepo unaingia kwenye lile shimo kama umekodi chumba. Unanguruma. Unapandisha sauti ya simu hadi mwisho ili uushinde, na sasa sikio lina kelele mbili.

Alishona sponji mpya. Akarudisha kioo. Kesho yake, Maktau na kurudi: hatua saba. Siku iliyofuata akafunga leso shingoni kuziba ule mwanya wa chini ya kidevu: hatua nane. Alikasirika, akaandika hesabu zake kwa chaki sakafuni, akaomba radhi kwa mlinzi wa kanisa, akafuta.

Aliyemwokoa ni shoga yake Tryphena, anayefanya kazi kwenye kiwanda cha mkonge, Mwatate, karibu na mashine inayoponda majani. Huko wanavaa vizibo vya masikio, vile vidogo vya sponji ya rangi ya machungwa. Unakivingirisha kwa vidole hadi kiwe chembamba, unavuta sikio juu, unakisukuma, unakishika kijitanue. Tryphena alimletea pakiti. Maktau na kurudi: hatua kumi na tatu.

Steji nzima ikapiga kelele, lakini si za furaha.

"Utakufa, mama!" Wesley alisema. "Lori la kwenda mpakani Holili litakupigia honi nyuma na wewe umejiziba kama chupa ya soda."

Hapo hata mimi nilikuwa upande wa Wesley. Kalondu akanitazama. "Danson, una honi?"

"Ninayo, na inaogopwa."

"Nifuate. Piga mara kumi, popote unapotaka. Nikisikia nitainua mkono."

Tukatoka Mwatate kuelekea Bura, mwendo wa themanini, mimi nyuma yake. Nilipiga kwenye mteremko. Mkono juu. Nilipiga lori likitupita. Mkono juu. Nilipiga mara mbili haraka nimkamate, akainua mkono na vidole viwili. Kumi kwa kumi.

Tukabadilishana. Yeye nyuma, mimi mbele, masikio yangu wazi kama Mungu alivyoyaumba. Tuliposimama nikamwambia kwa kiburi, "Sita. Nne zako ulisahau kupiga."

"Nilipiga kumi, Danson."

Nilitazama barabara.

"Kizibo kinapunguza vyote," akasema, "lakini anayekuzibia honi ni upepo. Mpunguze huyo kwanza."

Ijumaa ya mwisho wa mwezi nilijitia nina safari ya Taveta, nikamsindikiza. Mboghoni tulikuta Mzee Musyimi na wakulima sita wamekaa kando ya mfereji kama wanangoja hukumu. Pampu iliwashwa. Ilinguruma vizuri kabisa, hata mimi nilitamani kuinunua.

Kalondu alivua helmeti, akatoa vizibo, akavitia kwenye kopo lake. Bisibisi. Akafumba macho. Akasogeza ncha. Akasogeza tena. Mkulima mmoja akakohoa, mzee akamtazama hadi kikohozi kikaisha.

"Zima," Kalondu akasema. "Mzee, beringi yako mpya inaliwa. Upande wa flaiwili, lile gurudumu zito la injini."

"Mwanangu, hiyo ina wiki tatu!"

"Nifungue?"

Mzee alisita, maana ukifungua pampu nzima umepoteza siku ya maji. Kisha akaitikia kwa kichwa: fungua.

Alifungua. Akatoa beringi, akaipangusa, akamwekea mzee kiganjani. Kwenye njia ya gololi kulikuwa na mkwaruzo mwembamba kama ukucha wa paka. Ilifungwa ikiwa imeinama kidogo. Ingedumu wiki moja, labda mbili. Musyimi aliizungusha, akaipitisha kwa wenzake mmoja mmoja. Wa mwisho alipoirudisha, mzee alisema tu, "Fundi, ukimaliza hapa, pita na kwa hawa."

Hao wote sita walisimama kwa pamoja.

Kesho yake, nikiwa nimelala vizuri, nilimwomba Kalondu anipeleke kwa ile saa. Nilirudi nyuma, macho nimefumba. Hatua nne, tik ikapotea. Nikafumbua macho nikidhani imekufa betri. Sekunde zilikuwa zinatembea.

Hakunicheka, ingawa ananidai kicheko cha miaka mingi. Alisema daktari wa masikio alimwambia kilichokwenda hakirudi, ila kilichobaki kinalindwa. Akanivutia sikio juu kama mtoto wa chekechea, akanifundisha kuvingirisha.

Jumapili nilimpeleka mteja Mwatate, vizibo masikioni, kioo kimefungwa. Upepo ukawa mdogo, uko mbali, kama wa mtu mwingine. Halafu chini yangu nikasikia kitu: chaka, chaka, chaka.

Nikarudi Voi moja kwa moja. Kalondu alikuwa ameinama, mgongo kwangu. Sikumngoja aseme.

"Daktari," nikamwambia, "mnyororo umelegea."