Beseni la Wifi

Sijawahi kumwamini wifi yangu, na sioni haya kusema. Tangu kaka yake, mume wangu, afariki, amehamia chumba cha uani, eti kunisaidia. Kunisaidia nini? Kila nikigeuka yuko nyuma yangu, macho kodo.

Marehemu aliniachia bwawa la saruji na samaki wa dhahabu wawili, dume na jike. Alitamani mno wazae, hakujaaliwa kuona. Nikaapa nitamtimizia. Muuza samaki wa mapambo aliniambia vifaa vya dukani ni kutupa hela bure: nifunge nyuzi za sufu kwenye chupa tupu ielee, jike atataga humo. Nikafumua sweta la marehemu huku roho inaniuma.

Jumatatu asubuhi nyuzi zilijaa mayai, madogo kama ulezi, unaona hadi ndani. Nilicheka peke yangu kama mwehu, nikaenda zangu kazini kushona. Kurudi, nusu ya nyuzi hazipo, na zilizobaki hazina hata yai moja. Kesho yake dume akaelea tumbo juu. Basi, yale ndiyo yalikuwa mayai ya mwisho.

"Wifi, nani kagusa bwawa langu?"

"Mimi nitajuaje?" akajibu, mikono kaificha nyuma.

Mikono nyuma! Nikajua hapa pana jambo.

Alhamisi alipokwenda dukani niliingia chumbani kwake. Sikubisha hodi, nyumba ni yangu. Uvunguni nikavuta beseni lililofunikwa kitambaa. Ndani, maji ya kijani, na nyuzi za sweta la mume wangu zinaelea. Nywele zikanisimama. Nguo ya marehemu, majini, uvunguni mwa kitanda: nani asiyejua maana yake? Kumbe ndiyo maana silali! Nikalibeba mbiombio, nikamwaga kila kitu mchangani juani, nikalisugua beseni kwa sabuni na majivu.

Wifi alirudi, akaingia chumbani, akatoka mikono kichwani.

"Wifi! Beseni langu liko wapi?"

"Uchafu wako nimeumwaga. Sema, ulitaka kunifanyia nini?"

"Uchafu? Si yale mayai!" Alipiga magoti mchangani, akawa anaokota uzi mmoja mmoja. "Samaki wanakula mayai yao wenyewe, wifi. Nilikuta washamaliza nusu, nikayatoa yaliyobaki, nikayaficha paka asiyaone. Macho yalishaanza kuonekana. Nilitaka nikuite yakianguliwa, ufurahi japo siku moja."

Nyuzi zilikuwa zimekauka kabisa.

Mara akaacha kuokota. Swali langu lilikuwa limemwingia sasa.

"Nikufanyie nini?" aliuliza taratibu, wala hakuwa na hasira. "Kumbe siku zote hizi unaniona mchawi?"

Ilikuwa kweli. Nikapiga magoti kando yake, nikaanza kuokota nyuzi.